Barua Iliyobeba Jina la Wilaya

Ardis Tollefson alikuwa mtu wa kujibu barua siku ileile inapofika. Bili, kadi za Krismasi, mialiko ya harusi, zote alizijibu kabla kahawa haijapoa mezani. Mumewe, Verlyn, alipenda kumtania kwamba siku malaika wa mauti atakapomwandikia, Ardis atamrudishia jibu lenye stempu na kumshukuru kwa kumkumbuka.

Verlyn alifariki mwezi wa Aprili, theluji ya mwisho ikiyeyuka kwenye mitaro ya Minnesota. Baada ya mazishi Ardis alivaa koti lake la kanisani, akaendesha gari hadi jengo la wilaya, akaomba nyumba iandikwe kwa jina lake peke yake. Nyuma ya dirisha aliketi LaVonne Brekke, mjane mwenzake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikaa kanisani benchi la mbele yake, hata Ardis alizijua nywele zake za kisogoni kuliko uso wake. Siku ya mazishi LaVonne alileta keki mbili.

"Haya, Ardis," LaVonne alisema alipomaliza kupiga mhuri. "Sasa nyumba ni yako peke yako."

"Laiti ingebaki yetu sisi wawili."

"Najua, dada. Najua."

Wakaishia hapo. Katika mji ule, kuongeza neno ni kumsumbua mtu, na hakuna dhambi waliyoiogopa kama hiyo.

Wiki chache baadaye barua ikafika. Juu kabisa, kwa herufi nene, palikuwa na jina la wilaya. Chini yake palikuwa na jina lake, jina la marehemu na tarehe ya ile hati aliyokwenda kuiandikisha. Ilisema kwamba nyumba yake haikuonekana kuwa na dhamana ya matengenezo, kwamba hiyo ilikuwa ilani ya mwisho, na kwamba apige simu mara moja. Ardis hakuona la kutilia shaka. Yeye aliipelekea wilaya hati yake, na sasa wilaya ilikuwa inamjibu. Alichukua simu akiamini anamalizia kazi aliyoianza dirishani kwa LaVonne.

Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Colby.

"Pole sana kwa msiba, mama," alisema. "Marehemu aliitwa nani?"

"Verlyn."

"Verlyn," Colby alirudia polepole, kama mtu anayeweka kitu dhaifu mezani. "Basi tuitunze nyumba ya Verlyn."

Alimweleza kwamba dhamana ile ingetengeneza chochote kitakachoharibika: mabomba, jiko, hita ya maji na lile tanuri lililokuwa chini ya nyumba likipasha vyumba vyote joto. Yeye angetuma hundi kila mwezi tu. Ardis akaituma siku hiyohiyo. Baadaye Colby aliendelea kumpigia. Siku moja alimkuta anachoma chapati zake nyembamba za viazi, akasema bibi yake naye alikuwa akizichoma hivyohivyo. Ardis akacheka peke yake jikoni, mikono imejaa unga. Alimsimulia jinsi Verlyn alivyolitunza lile tanuri kwa mikono yake mwenyewe miaka yote, na Colby akasema, "Huyo alikuwa mwanamume wa kweli, mama." Hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyemuuliza habari za Verlyn. Wote walinyamaza ili wasimuumize.

Lakini aliihitaji dhamana ile kwa sababu nyingine pia, nayo ilikuwa binti yake. Renae alikuwa muuguzi katika mji wa Fargo, na kabla ya kuondoka baada ya mazishi alikuwa ameongea waziwazi.

"Mama, nakupa msimu mmoja wa baridi. Kikiharibika kitu kimoja ukashindwa nacho, nakuja kukuchukua. Usinibishie."

"Sijafungua hata mdomo."

"Unanibishia kwa macho."

Ardis aliiweka dhamana moyoni kama jibu lake. Hakumwambia Renae. Alitaka siku kitu kitakapoharibika, apige simu mara moja tu, fundi aje, kisha amwambie binti yake kwa utulivu, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba mambo yameshakwisha.

Siku hiyo ilifika Januari. Aliamka akakuta tanuri limenyamaza na vioo vya madirisha vimeota barafu kwa ndani. Akapiga namba ya dhamana. Mwanamke mmoja akamwambia fundi angefika kesho kutwa, akamkumbusha kwamba mtu mwingine asiliguse tanuri, maana akiligusa, dhamana imekufa.

Saa nne asubuhi Orrin, mdogo wake Verlyn, alivuka barabara kuja kunywa kahawa, kama alivyofanya kila siku bila kualikwa.

"Shemeji, mbona umevaa koti ndani?"

"Nasikia kibaridi tu."

"Kibaridi! Naona pumzi yako, Ardis. Hapa ng'ombe wangu wangekataa kulala. Niende chini nikaliangalie?"

"Aa, usijisumbue."

Watu wa kule wana desturi yao. Mtu akikupa kitu, unakataa kwa adabu. Akikupa tena, unakataa tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu ndipo mnapozungumza ukweli, nawe unakubali. Orrin aliyajua hayo tangu utotoni, kwa hiyo hakujali.

"Halinisumbui. Tochi ninayo garini."

Ardis alikumbuka onyo la simuni, akaogopa. Orrin akiuliza mara ya tatu, yeye angewezaje kukataa? Akaona bora ayakate maneno mapema.

"Nimesema hapana, Orrin. Kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao."

Orrin alitua kikombe. Yeye na kaka yake walilibeba tanuri lile kulishusha ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma, wakitukanana kwa Kinorwe njia nzima. Alivaa kofia yake akasema kahawa ilikuwa nzuri. Hakuuliza mara ya tatu, na kesho yake hakuja.

Ardis alifunga milango ya vyumba vyote, akawasha jiko, akakaa jikoni na blanketi. Fundi alipofika alishuka chini na simu mkononi, akalipiga tanuri picha kila upande.

"Nani hulihudumia, mama?"

"Mume wangu," Ardis alijibu, na baridi yote ikamtoka. "Kila Septemba bila kukosa. Alisafisha, akabadilisha chujio, akapaka mafuta. Ukizunguka wilaya nzima hutapata tanuri lililotunzwa kama hili."

Fundi alimtazama kidogo, kama mwenye neno, kisha akainamisha kichwa akaandika. Aliondoka bila kufungua sanduku la vifaa.

Mchana ule yule mwanamke wa simuni akamwambia ombi lake limekataliwa. Hapakuwa na risiti hata moja ya fundi mwenye leseni. Tanuri lilikuwa halijahudumiwa. Ardis akaomba aongee na Colby, akasubiri huku muziki ukimlilia sikioni.

"Colby, mwanangu, waeleze. Wewe unajua. Nilikwambia Verlyn alilitunza mwenyewe."

"Nasikitika, mama. Mkataba unataka mtu mwenye leseni."

"Ulisema alikuwa mwanamume wa kweli."

"Sikumbuki kusema hivyo." Sauti ilikuwa ileile laini, ila sasa haikuwa na mtu ndani yake. "Na nikujulishe kwamba simu hii inarekodiwa."

"Basi nitakwenda wilayani. Wilaya inajua kwamba mnafanya hivi?"

"Wilaya gani, mama?"

Ardis alikata simu. Aliichukua ile barua ya kwanza, akavaa miwani, akasoma maandishi madogo ya chini ya ukurasa ambayo mwezi wa Mei hakuyajali. Kampuni ilisema yenyewe, kwa herufi za ukubwa wa chawa, kwamba haina uhusiano wowote na wilaya. Alikuwa bado ameishika aliposikia mlio ndani ya ukuta wa jikoni, kisha maji yakaanza kutambaa sakafuni kuelekea viatu vyake. Bomba lilikuwa limeganda na kupasuka.

Alivuka barabara bila kofia. Orrin alifungua mlango akabaki ameshika kitasa.

"Orrin, naomba uje."

Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumwambia mtu maneno hayo pasipo kuulizwa kwanza. Orrin naye hakuwahi kuyasikia.

"Na wale watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, wako wapi?"

"Walinidanganya."

Orrin alikuwa na jingine la kusema, lilikuwa limeshafika mdomoni, lakini alimtazama nywele zake zilizokuwa zikiganda, akalimeza. Akachukua koti. Alifunga maji, akashuka chini, na kabla giza halijaingia tanuri lilikuwa linanguruma tena. Lakini mbao za jikoni zilikuwa zimeshavimba na ukuta umelowa hadi dirishani. Ingebidi ukuta ubomolewe, na hakuna fundi ambaye angeugusa kabla baridi haijaisha.

"Renae si lazima ajue," Orrin alisema. "Utakaa kwangu, nami nitanyamaza."

"Nitamwambia mwenyewe. Nimechoka kubembelezwa."

Renae alisikiliza simuni hadi mwisho. Ardis alingojea ushindi katika sauti ya binti yake, lakini haukuwepo, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nilitaka uone kwamba naweza."

"Jumamosi nakuja," Renae alisema, akalia.

Ijumaa Ardis alivaa koti la kanisani akaenda jengo la wilaya. Aliiweka barua mbele ya LaVonne Brekke.

"Oo, hizi," LaVonne alisema, akatikisa kichwa. "Kila anayeandikisha hati huzipata. Kumbukumbu ziko wazi kwa umma, Ardis. Yeyote anaweza kuzisoma, na hao wanakusanya majina. Hata mimi nililetewa alipofariki Harold. Niliitupa."

Ardis alikuwa amekuja kuuliza nani aliyeuza jina lake. Swali hilo likamtoka kabisa.

"Siku ile unapiga mhuri, ulijua kwamba itanijia."

"Zinawajia wote."

"Ulijua, LaVonne. Ukaniambia, 'Najua, dada. Najua.' Ukanyamaza."

Uso wa LaVonne ukawa mwekundu. "Sikutaka kuonekana nakufundisha. Wewe ni mtu mwenye akili zako. Nilifikiri ningekuaibisha."

Colby alikuwa sauti tu. Ardis angeweza kumwita mwizi, na mwizi huiba. Huyu alikuwa mtu wa benchi la mbele. Huyu alibeba keki mbili kwenye barafu, akaziweka mezani kwake, akarudi nyumbani na neno moja ambalo lingemwachia nyumba yake.

"Kaa kidogo," LaVonne alisema. "Nitoke, tuongee."

Nyuma ya Ardis walisimama mume na mke vijana, wamekumbatia bahasha, wana furaha ya watu walionunua nyumba yao ya kwanza. Ardis akawageukia.

"Mtaletewa barua yenye jina la wilaya. Haitoki wilayani. Msiijibu."

"Asante, bibi," kijana alisema, akitabasamu namna watu wanavyowatabasamia wazee waliopotea njia dukani. "Tutakuwa waangalifu." Mkewe akambana mkono ili asicheke.

Ardis akaligeukia dirisha.

"Waambie wewe."

LaVonne alitazama mhuri wake. Alitazama foleni, ambayo wote ndani yake waliujua uso wake na benchi lake.

"Waambie, LaVonne. Nitasimama hapa."

"Ni kweli," LaVonne alisema hatimaye. "Mtaletewa. Mimi mwenyewe nililetewa. Itaonekana kana kwamba imetoka kwetu, na itawatisha. Itupeni."

Tabasamu la kijana likaisha. Mkewe akafungua bahasha akatoa kalamu, akamwomba LaVonne arudie polepole. LaVonne akarudia. Ardis alisikiliza hadi neno la mwisho, akafunga vifungo vya koti, akatoka kwenda kufunga mizigo. Katika mji ambao watu huagana mlangoni nusu saa nzima, hakumuaga mtu.