Supu ya Kanga Aliyevuka Mpaka

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Babati kwenda nyumbani Gitting na mwanangu wa kike. Tulipokaribia Katesh tukamwona kijana amesimama kando ya lami, ameinua kanga wawili kwa miguu. Nasema kanga ndege, wale wa porini wenye madoadoa meupe. Mmoja alikuwa ameshakufa. Wa pili alikuwa hai bado, bawa moja limening'inia, akifumba na kufumbua jicho kila gari lilipopita. Mwanangu akaniuliza, "Mama, huyu mbona hawakummalizia?"

Nilimwambia labda walikuwa na haraka. Halikuwa jibu zuri. Nilikuwa nimesharudi kwenye ule mwaka bibi yangu alipougua, mwaka ambao nyumba yetu nzima ilimsubiri kanga mmoja.

Sijui wewe umekulia wapi, lakini kama hujawahi kuamka Gitting mwezi wa saba, baridi unaisikia tu kwenye redio. Ukungu ulishuka kutoka mlima Hanang usiku ukalala uani kwetu mpaka jua lipande. Mimi nililala kitanda kimoja na bibi, mama yake baba, chini ya mablanketi yaliyonuka moshi na maziwa. Alikuwa wa kwanza kuamka. Alichochea moto, akanipasulia kiazi kitamu cha jana kilichobaki majivuni, na nilipomaliza kukila nilikwenda kuchota maji na kukata majani ya ndama. Na kila asubuhi, huko chini kwenye mabua ya mahindi, kanga waliamka nao. Kelele zao zilikuwa kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Bibi alikuwa akisema, "Wale wanagombana nani alale katikati leo." Nilimwamini kabisa.

Baba alilima ngano na maharage kama majirani wote, ila alikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho: bunduki ya marisau, zile risasi ndogondogo zinazotawanyika, ya kihalali, iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Ufunguo aliuvaa shingoni. Mvua zikiisha na msimu wa kuwinda ukifunguliwa, alivaa koti lake la kanisani, akaenda Katesh kuchukua leseni. Leseni ilisema ndege gani, wangapi, na eneo gani. Mashamba yote na vichaka vya chini vilikuwemo. Msitu wa mlimani haukuwemo. Watu walimtania kwamba anakwenda kuomba ruhusa ya kula kitoweo kinachokula mahindi yake, naye alicheka, akaenda vilevile.

Alikuwa na misemo yake. "Risasi ikitoka hairudi kuomba radhi," alisema akiwa anasafisha mtutu. Na mwingine: "Kama hujaona kilicho nyuma ya ndege, hujamwona ndege." Mimi ndiye niliyemsindikiza, kwa sababu nilikuwa na macho makali na nilijua kunyamaza. Nilibeba mfuko, nikatembea nyuma yake upande wa kushoto, na akisimama, nasimama.

Mwaka huo bibi aliacha kula. Ilianza taratibu. Kwanza aliacha ugali, kisha maziwa ya mgando aliyoyapenda sana, mwisho hata uji aliugusa mdomoni na kurudisha kikombe. Alipelekwa hospitali, akalazwa, akarudi amepungua. Daktari alimwambia baba pembeni kwamba sasa ale chochote atakachotamani. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akaja kutoka Gehandu kumuuguza.

Asubuhi moja, kanga walipokuwa wanapiga kelele zao huko chini, bibi alifumbua macho na kusema, "Ningepata supu ya yule." Mama aliacha alichokuwa anafanya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu bibi kutaja chakula kwa hiari yake. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Leo hii utakunywa, bibi." Baba alikuwa ameshatoa ufunguo shingoni.

Hatukuchelewa kuwaona. Kundi zima lilikuwa linapekua udongo kwenye shamba lililovunwa, karibu sana, vichwa vyao vya buluu vikipanda na kushuka. Baba aliinua bunduki. Nilikuwa nimeshahesabu kwamba tunarudi nyumbani. Kisha akaishusha. Nyuma ya kundi palikuwa na mteremko, na chini ya mteremko kulipita njia ya wachungaji ambayo kutoka pale hatukuweza kuiona. Aliniashiria tuzunguke. Tulipozunguka, kanga walikuwa wameshatusikia.

Mchana tuliwakuta wengine kwenye kichaka. Jike lilitoka kwanza, likasimama wazi kabisa, nikamgusa baba mgongoni. Nyuma yake vikatokea vifaranga, vidogo kama ngumi, vilivyochelewa kuanguliwa. Baba alitikisa kichwa. Jioni tukawaona wamepanda mtini kulala, wamejipanga kwenye tawi. Angeweza kuangusha hata watatu kwa risasi moja, na wawili zaidi wangeondoka na marisau mwilini wakafie mbali. Tulirudi mikono mitupu.

Shangazi alitupokea mlangoni. Alitazama mfuko ulivyolegea, akamtazama mdogo wake.

"Wapo?" akauliza.

"Wapo," baba akajibu.

"Umewaona?"

"Nimewaona, dada."

"Mama anakufa mle ndani, na wewe unachagua ndege."

Baba alifungua bunduki, akatoa risasi, akaifungia sandukuni kama kawaida. Nilitamani ajitetee. Nilikuwa na hasira naye pia, maana ni mimi niliyeingia chumbani kumwambia bibi kwamba labda kesho. Bibi alisema, "Haya, mjukuu wangu," akageukia ukutani.

Kesho yake tulitoka ukungu ukiwa bado mzito. Tulipanda mpaka shamba letu la juu, lile linalopakana na msitu. Huko mpaka ulionyeshwa kwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kila mtoto wa kijiji alijua kwamba ukipita jiwe na bunduki, hata kama hujafyatua, wewe ni jangili. Jua lilipopasua ukungu niliwaona. Kanga wachache walikuwa wametawanyika kwenye masalia ya ngano, na mmoja, dume kubwa, alikuwa amejitenga. Nyuma yake ulikuwepo ukingo wa udongo mtupu. Hapakuwa na njia, mtu wala ng'ombe. Baba alisubiri mpaka yule ndege akageuka ubavu. Akafyatua.

Kanga alianguka, manyoya yakatawanyika. Nilianza kukimbia, na hapo ndipo ndege akainuka. Bawa moja lilikuwa limevunjika. Alikimbia kama wanavyokimbia wao, kwa kasi ya kushangaza, akapita kati ya mawe mawili ya chokaa, akaingia msituni.

Baba alikimbia mpaka kwenye jiwe. Akasimama hapo kana kwamba kuna ukuta.

"Baba, yuko hapohapo," nilimwambia. "Nimemwona alipoingia. Hakuna mtu anayetuona."

"Najua."

"Bibi anasubiri."

"Najua, binti yangu." Alikuwa anahema. Alifungua bunduki, akatoa ganda na risasi iliyobaki, akatia mfukoni. "Pale siwezi kuingia na hii. Na yule siwezi kumwacha. Nimeshamuumiza, kwa hiyo ni wa kwangu mpaka mwisho."

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunakwenda kuomba."

Bwana misitu, mlinzi wa msitu wetu, aliishi chini karibu na shule, mwendo mrefu kwa mtu mwenye haraka. Alikuwa mtu mkavu. Watoto tulimwogopa kwa sababu alikuwa akinyang'anya mapanga ya waliokata miti. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo. Baba alimweleza kila kitu, hata pale ambapo angeweza kuruka. Bwana misitu alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Umetoka kule mpaka hapa kwa kanga mmoja?" akauliza.

"Yuko hai bado," baba akasema. "Na mama yangu anaumwa."

Bwana misitu aliweka kikombe chini. Alitaka kuona leseni, akaisoma yote. Kisha akasema bunduki itabaki kwake ndani, imefungiwa, na baba ataingia msituni mikono mitupu, yeye akiwa pamoja naye. Baba alimkabidhi. Tukapanda tena mlima, jua limeshakuwa kali, na mimi nikawaza kwamba bibi ameshasikia mlio wa bunduki tangu asubuhi na anajiuliza kwa nini hatufiki.

Kabla ya kuingia, bwana misitu alituomba tumwonyeshe manyoya yalipoanguka. Alichuchumaa, akafuata matone ya damu kutoka kwenye ngano mpaka kwenye jiwe, polepole, wakati mimi nilitaka kulia. Aliporidhika alisema, "Amepigwa nje. Twendeni."

Ndani ya msitu kulikuwa na giza na harufu ya majani yaliyooza. Damu iliisha baada ya hatua chache. Tuligawana: baba huku, bwana misitu kule, mimi katikati. Yule mtu niliyemwogopa alivua kofia yake, akatambaa kwa magoti chini ya miiba, akipekua kama anatafuta mtoto wake. Hakuna aliyesema tuache. Saa za mchana zilipita. Baba alichanika mkono, akaendelea.

Ni bwana misitu aliyeita. Kanga alikuwa amejisukuma ndani ya shimo chini ya mzizi, kichwa kimefichwa, mgongo ukitetemeka. Baba alilala kifudifudi, akaingiza mikono yote miwili, akamtoa taratibu kana kwamba bado kuna kitu cha kuokoa. Akammaliza palepale, upesi. Alibaki amemshika kwa muda, na nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Pole. Nimekuchelewesha."

Bwana misitu alivaa kofia yake. "Mpelekee mama yako," akasema. "Bunduki utaifuata kesho."

Mama alimnyonyoa na kumchemsha kwa chumvi na kitunguu saumu peke yake, kama bibi alivyopenda. Shangazi aliona mkono wa baba uliochanika, akaleta maji ya vuguvugu na kitambaa, akamwosha, nao wawili wakawa wamekaa karibu na moto bila kutazamana, kama nilivyoamini walikuwa wakikaa walipokuwa watoto. Mimi nilimweleza bibi yote: jiwe la chokaa, bwana misitu kwa magoti, shimo la mzizi. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

Baba alimnyanyua, akamwegemeza kifuani kwake, akamnywesha kwa kijiko. Bibi alimeza. Akameza tena. Alikunywa nusu bakuli, akala na kipande kidogo cha paja, nasi wote tukawa tunatazama mdomo wake.

"Nisamehe, mama," baba akasema. "Nimechelewa."

Bibi alipumzika kidogo ndipo akajibu. "Umechelewa vizuri."

Shangazi alitoka nje. Nilimsikia analia uani.

Bibi aliendelea kula tangu siku ile, kidogo kidogo, akaota jua mlangoni, akanifundisha kusuka ungo. Alituacha mvua zilipoanza, wakati maharage yanachomoza. Bwana misitu alikuja msibani amevaa ile kofia, akashika sepetu pamoja na wanaume wengine.

Baadaye alihamishwa, na sijui yuko wapi. Shangazi naye hayupo. Nyumba ya bibi ilibomolewa tukajenga ya matofali, ambayo haishiki harufu ya moshi. Siku hizi, baba ananiambia, vijana wanakuja na pikipiki na taa kali, na wengine wanatega nafaka zenye sumu, na anayekula hajui alichokula. Nililala pale wiki nzima mwezi uliopita na mwanangu. Asubuhi tulisikia majogoo na redio za majirani. Mwanangu hakujua kwamba kuna sauti inayokosekana.

Bunduki baba aliisalimisha polisi miaka mingi iliyopita, mwaka uleule wa msiba. Sikuwahi kumuuliza sababu. Safari hii nilimuuliza, tukiwa tunachambua maharage uani, yeye na macho yake ambayo sasa hayaoni mbali. Nilidhani atasema kanga wamekwisha, au sheria zimebadilika, au magoti yanauma.

Alipuliza makapi kwenye kiganja. "Niliyekuwa nampelekea hakuwepo tena," alisema, akaendelea kuchambua.