Mwito Mmoja

Kisiwa alikoolewa dada yangu kiliitwa Mwito, na mwito ndio uliokuwa kipimo chetu cha umbali kijijini, ufukweni mwa ziwa upande wa Bukima. Mwito mmoja ni pale sauti ya mtu mzima inapofika ikasikika. Kisimani mwito mmoja, kwenye mashine ya kusaga miito mitatu. Kisiwa kilipewa jina hilo kwa sababu alfajiri, ziwa likiwa limetulia, mtu wa kule akiita sisi tunasikia.

Ndivyo tulivyopata habari za dada. Shemeji alisimama juu ya jiwe akaita: mtoto amezaliwa, wa kike, lakini kondo la nyuma limegoma kutoka, na damu haikatiki. Baba alikuwa ananawa uso. Hakumaliza.

Kijiji kilikuwa na boti moja ya injini, na injini haikuwa na petroli. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na petroli ilitolewa kwa kibali. Makasia tulikuwa nayo, lakini baba alitaka injini ili dada apelekwe kwa maji moja kwa moja hadi hospitali, Musoma. Alinichukua mimi kwenda ofisini kuomba kibali, kwa sababu Kiswahili chake kilitosha kuombea chumvi tu. Nilikuwa darasa la saba, nashika namba ya kwanza, na nilikuwa na kiburi cha kunuka.

Karani wa vibali alifika saa tatu. Akauliza, "Huko kisiwani ni kilomita ngapi?"

Nilimtafsiria baba. Baba akajibu: mwito mmoja.

Shuleni mwalimu alishatupimisha mwito barabarani kwa kamba. Mwenzetu mmoja alisimama akiita, sisi tukirudi nyuma mpaka hatumsikii tena. Haikuzidi nusu kilomita. Basi nikajibu palepale, "Nusu kilomita, mzee."

Baba alinishika mkono. "Wa majini, mwanangu," alisema kwa lugha yetu. "Wa majini si kama wa barabarani."

Niliona ananiaibisha mbele ya mtu wa ofisi. "Baba, mwito ni mwito," nikamwambia.

Karani alishafunga daftari. "Nusu kilomita ndiyo mnataka petroli? Si mnapigaga kasia kila siku? Mvusheni, mkifika huku mumpeleke zahanati."

Safari hii baba alielewa bila mimi.

Tuliporudi ufukweni upepo ulikuwa umeamka, unatupiga usoni. Boti ile ilichongwa kwa ajili ya injini; kwa makasia ilikuwa kama kumsukuma ng'ombe aliyelala. Wanaume wanne walipiga kasia, mimi nikachota maji kwa kopo. Jua lilifika utosini tungali katikati, na kisiwa kilikuwa kidogo vilevile. Nilikuwa nimekiona maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiria ni mbali. Umbali ulizidi hata kilomita tatu.

Hapo ndipo vilio vilipoanza kule. Baba aliacha kupiga kasia, akalilaza miguuni. Wenzake waliendelea.

Hakunilaumu hata siku moja. Natamani angenichapa. Kila asubuhi nilimwamkia, naye aliitikia vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza.

Baadaye biashara ilifunguliwa, vikaja vyote tulivyovikosa. Hapa Nyasura ninakoishi, petroli inauzwa kwenye chupa kando ya barabara, na hakuna anayekuuliza unaenda wapi. Huwa napita upande wa pili. Hasira niliyokuwa nayo kwa karani iliisha zamani. Yeye aliandika alichoambiwa.

Mtoto yule nimemlea mimi. Ni msichana mkubwa sasa. Ameshaniuliza mara mbili mama yake alikufaje. Mara zote mbili nilimjibu kwamba petroli ilikuwa adimu, na mara zote mbili aliniambia, "Pole, mama mdogo."