Mivinje ya Haidari

Mivinje ile minne ilikuwa mirefu kuliko kitu chochote upande ule wa Mtunda, na Sijaona aliishi chini yake kama mtu anayeishi chini ya mvua isiyokatika. Majani yake membamba kama nyuzi yalidondoka usiku na mchana. Yalijaa juu ya paa, yalielea kwenye mtungi, yalitandika uwanja mzima mkeka wa rangi ya kutu, na chini ya mkeka huo hayakuota hata magugu. Akifagia asubuhi, adhuhuri ni kama hakufagia.

Aliyeipanda ni mumewe, marehemu Haidari. Walishuka kutoka milima ya Umatumbi wakiwa vijana, hawana ndugu huku, na mzee mmoja Mndengereko, Bwanaheri, akawaonyesha kipande cha ardhi nyuma ya shamba lake. Hakikuandikwa kitu. "Panda miti pembeni," alisema, "watu waone pako pameishia wapi." Ndiyo desturi ya pale. Mgeni anayelima mahindi ni mpita njia, maana mahindi huvunwa yakaisha. Mgeni aliyeruhusiwa kupanda mti amepewa mahali. Siku akitaka kuhama, huiuza miti yake au huing'oa, na ardhi ikarudi kwa mwenyewe.

Haidari alianza na mikorosho, mchwa wakaila. Akaleta minazi, ikakauka. Mwisho bwana misitu mmoja akampa miche ya mivinje, akaipanda pembe nne za uwanja, na hiyo ikashika kama iliyokuwa ikimsubiri. Jioni alikuwa akiegemea mmoja na kusikiliza upepo ukipita juu. "Sikia," humwambia mkewe, "kama kwetu mlimani." Sijaona hakusikia mlima. Alisikia ufagio wa kesho.

Haidari alipofariki, Sijaona alibaki na shamba la mpunga bondeni, mwendo wa nusu siku. Kisha mwaka mmoja mto ukapanda, ukakaa juu ya mpunga hadi ukaoza, na maji yalipoondoka yalikuwa yameacha mchanga mtupu. Magoti yake nayo yalikuwa yamekwisha choka. Akatazama uwanja wake, mpana, karibu na kisima, umekaa bure chini ya miti isiyozaa. Hapo ndipo alipopata wazo. Angeiondoa mivinje, alime mchicha na bamia apeleke gulioni, na pembeni pabaki nafasi ya chumba cha Muzdalifa, bintiye wa pekee, aliyeachwa na mume na sasa alikuwa anapika chakula cha wasafiri Ikwiriri huku akilala kwenye nyumba ya watu na watoto wake. Kila alipopiga simu, Muzdalifa alimaliza na swali lile lile: "Mama, nirudi lini nyumbani?"

Alimwita Nasibu, mwenye msumeno wa mashine. Walikubaliana kuwa kazi haitalipwa: Nasibu achukue miti, yeye abaki na uwanja. Msumeno ulilia kutwa. Mvinje wa kwanza ulipoanguka, ardhi ilitetemeka mpaka kuku wakaparamia paa, na anga likafunguka pale juu, jeupe, kubwa, kama jicho.

Ulipobaki mmoja, ule wa upande wa kisimani aliokuwa akiegemea Haidari, Nasibu alizima mashine.

"Bibi, huu tukuachie. Wa kivuli, au wa kumbukumbu ya mzee."

"Kumbukumbu ya mzee ninayo mgongoni, mwanangu, kwa kufagia. Toa yote."

"Na visiki?"

"Visiki niachie mimi."

Na kweli aliviondoa. Hakuna kazi ya maisha yake aliyoifanya kwa moyo ule. Alichimba kuzunguka kila kisiki, akakata mizizi kwa panga, akarundika moto juu yake ukala taratibu kwa siku nyingi, ukishuka ardhini kama mtu anayeteremka ngazi. Mizizi iliyotambaa aliifuata kwa jembe hadi ncha yake. Mashimo aliyafukia kwa samadi. Swaumu, jirani yake Mndengereko na mtani wake wa miaka mingi, alikuwa akisimama njiani kumchokoza.

"Mmatumbi we, unatafuta hazina au unachimba kaburi?"

"La kwako. Nimepima kwa macho, ila kwa unene huo itabidi nipanue!"

Swaumu alicheka mpaka akashika kiuno. Mchicha ulipochipua, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuchuma bila kuomba.

Asubuhi moja alikuja Abbasi, mtoto wa marehemu Bwanaheri, anayefyatua matofali Kibiti. Alisimamisha pikipiki, akatazama pembe moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karibu, baba."

"Naona umeng'oa. Ndiyo unafunga mizigo, unarudi mlimani?"

Sijaona aliona utani, akaupokea kwa utani, maana Mmatumbi na Mndengereko hawaambiani jambo bila kutupiana maneno. "Nitarudi siku Wandengereko mtakapojua kusonga ugali usio na mabonge!"

Swaumu alikuwepo, akacheka. Abbasi naye alitabasamu kidogo. Akazunguka matuta kwa makini asikanyage mche hata mmoja, akawasha pikipiki, akaondoka. Baadaye Sijaona alikumbuka kwamba Abbasi hakuwa ameujibu utani ule.

Wiki haikupita, akaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Huseni. Walikaa barazani kwake, Abbasi upande mmoja, yeye upande mwingine, Swaumu nyuma yake.

"Sina ugomvi na shangazi," Abbasi alianza. "Baba alimpa mzee Haidari mahali, na miti ilisimama sote tunaiona. Sasa imeng'olewa, na aliyeing'oa ni mwenyewe, hakulazimishwa. Mimi ninachojua, mgeni aking'oa alichopanda, ardhi imerudi. Nataka niweke tanuri langu pale, barabara iko karibu."

Sijaona alidhani hakusikia sawasawa. "Ile ilikuwa mivinje," alisema. "Si mkorosho. Si mnazi. Mti usioliwa nao ni mti?"

Mzee Huseni alivua kofia akaishika mapajani. "Mama Muzdalifa, mpaka wako ulikuwa nini?"

"Ungeacha hata mmoja," mzee aliendelea, kwa huruma iliyomuumiza kuliko ukali. "Hata kisiki. Ningesema amekata kuni, pake bado pake. Lakini umechimba hadi mizizi. Anayechimba mizizi huwa anaaga."

"Mimi nimemwona anaaga?" Swaumu alidakia. "Mtu anayeaga anapanda bamia?"

"Bamia ni ya msimu, Swaumu. Unajua."

Swaumu alijua. Kila mtu pale alijua, na Sijaona naye alijua, tangu zamani, kuliko wote. Lakini alikuwa amelijua kwa mikorosho na minazi. Ile mivinje alikuwa ameihesabu kuwa taka. Ameishi chini ya hati yake akiifagia kila siku.

"Kama hukuridhika, baraza la kata lipo," mzee alisema. Sijaona akawaza safari, na mashahidi. Bwanaheri kafa, Haidari kafa, na shahidi wa tatu alimchoma moto kwa mikono yake.

Abbasi hakuwa mtu mbaya, na hilo halikumsaidia Sijaona kitu. "Kaa, shangazi," alisema walipoinuka. "Sikutoi. Nyumba kaa mpaka Mungu atakapokuchukua, na mboga zako chuma. Ila usipande mti. Na asije mtu kujenga."

Walirudi pamoja. Njiani Swaumu alifungua kinywa amtupie neno, kama kawaida yao, akakifunga. Katika miaka yote ile ndiyo mara ya kwanza kumwonea huruma, na Sijaona aliona kwamba sasa kweli amekuwa mgeni.

Jioni alichukua jembe akaenda pembe ya kisimani. Aling'oa tuta zima la bamia zikiwa na maua, akachimba hadi kiunoni akitafuta mzizi mmoja uliosahaulika. Udongo ulikuwa mweusi, laini, safi. Alikuwa ameifanya kazi vizuri. Alipata mkaa, ukasagika kiganjani.

Upepo ukaja kutoka upande wa mto. Aliinua kichwa kwa mazoea, angoje ule mvumo wa juu. Upepo ulipita uwanja mzima bila kupata pa kusemea.

Simu iliita ndani ya mkunjo wa khanga.

"Mama, mchicha umefikia wapi?"

"Umeota vizuri, mwanangu. Wa kijani kabisa."

"Alhamdulillahi. Na ile nafasi? Nije lini nianze kufyatua matofali?"

Sijaona alikaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani. Alitazama pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mama? Upo?"

"Nipo," alisema.