Bibi Asema, Bintiye Akaa Kimya

Nakumbuka asubuhi moja hapa ughaibuni, kule mjini Fairfax, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikimtunza, nyumbani kwa bintiye, bibi mmoja mzaliwa wa milima ya kaskazini ya Italia. Watu wake ni Wachimbri, na wanaokisema Kichimbri leo ni wa kuhesabika. Siku za nyuma, nikimlisha uji, alinifundisha kitenzi chao cha kusema: *i khü*, nasema, *du khüst*, wasema, *er khüt*, asema. Kimetoka Kijerumani cha kale, akaniambia, na Wajerumani wenyewe walishakitupa. "Sisi wa milimani tunacho," akacheka, na meno yenyewe hana.

Kisha kiharusi kikampiga, Kiingereza chote kikamtoka, akabaki na Kichimbri chake. Asubuhi hiyo nesi akaja kumpima. Bibi akaeleza weee, nesi akamgeukia bintiye: anasema nini?

"Hakuna kitu. Anapayuka tu, akili zimeshamruka."

Basi, akasema nesi, apelekwe kwenye nyumba ya wazee waliochanganyikiwa. Kichimbri changu ni kile kitenzi kimoja, ningemtetea kwa lipi?

Kitanda cha bibi kilitazamana na jiko. Mara akapaza sauti, maneno mawili matatu, na yule binti akakurupuka mbio kuipua sufuria ya maziwa iliyokuwa ikifurika.

Lo! Nikamwakia. "Kumbe unaelewa! Mama aliyekunyonyesha unamwita kichaa, na kila neno unalisikia?"

Akalia, eti shuleni walimcheka kwa lugha ile. Walimcheka! Na mimi hapa nani hajanicheka? Mwacha mila ni mtumwa. Mwacha mama je, tumwiteje?

Nesi akamketisha yule binti atafsiri. Akatafsiri: "Anasema upande tunaomlaza ndio unaomuuma." Wiki nzima, mwanangu, tulikuwa tukimlaza juu ya maumivu yake! Habari ya kumhamisha ikafa pale pale.

Nawe nikikuita kwa Kiswahili, wanijibu Kiingereza, mabega juu. Sitaki! Mzazi akikusemesha kwa lugha yake, mjibu kwa hiyo hiyo, hata kwa kuchapia. Atakayekucheka, mwache acheke. Siku Kiingereza kitakaponitoka mimi, nani atawaambia manesi ninapoumwa?

Haya, njoo nikushike kichwa. Mola akupe ulimi usiowaonea haya wazee wako, na utakapozeeka wewe, usikose wa kukuitikia.