Adongo Hashuki Shimoni

Siku ile naikumbuka kwa jua lake, Awuor mwanangu. Lilikuwa jua la saa saba, la kuchoma utosi, na mimi nimesimama mbele ya wanaume wa machimbo haya ya Osiri kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani, nikingoja kusomewa kosa langu. Kosa lenyewe lilikuwa hadithi. Ndiyo, hadithi. Usicheke. Au basi, cheka kidogo, maana tangu ufike hapa hujacheka, umekaa tu na hiyo simu mapajani.

Najua kilichokuleta. Mama yako amenieleza yote. Shangazi wa mchumba wako kule Mbita amesoma kitabu chako, hicho unachoandika sura baada ya sura na kuwatumia watu kwenye simu, akasema kwao hawaoi msichana anayeandika mapenzi ya binadamu na majini. Ukifute chote, au uchumba uvunjike. Na leo mchana anakuja hapa kwangu kusikia jibu, kwa sababu bibi mzee ndiye anayetegemewa kumnyamazisha mjukuu. Thubutu! Amekosea nyumba.

Kabla hajafika, nisikilize mimi.

Nilizaliwa Rangwe, ndiyo maana mpaka leo hapa wananiita Nyar Rangwe, binti wa Rangwe, ingawa nimezeekea huku. Utotoni sisi wasichana tulilala siwindhe, nyumba ya bibi mkongwe wa boma, na humo ndimo tulimopewa hadithi. Lakini ni usiku tu. Mchana ilikuwa mwiko. Ukisimulia mchana, walituambia, utadumaa, hutarefuka tena. Mimi niliwasimulia wenzangu mchana kweupe tukichunga mbuzi, na kweli nimebaki mfupi hivi unavyoniona. Labda walikuwa na haki. Ila sijaona rafu ya juu iliyonishinda nikishapanda kigoda.

Nikaolewa huku Osiri na babu yako Ochieng'. Wanaume walishuka mashimoni kuchimba. Sisi wanawake tulikaa juu, tukiponda mawe kwa nyundo mpaka yawe unga, kisha tukauosha unga huo kwenye karai hadi chembe za dhahabu zibaki chini. Kushuka, mwanamke hakushuka. Walisema akisogelea tu mdomo wa shimo, dhahabu inakimbia. Nilikuwa nikijiuliza ni dhahabu gani hiyo inayomwogopa mwanamke kule chini, halafu ikifika mjini inakaa shingoni mwake bila wasiwasi.

Sasa, kuponda mawe kutwa nzima kunachosha kichwa kabla ya mkono. Ko, ko, ko, mpaka jioni. Nikaanza kusimulia. Nilisimulia kwa Kiswahili kwa sababu tulikuwa tumechanganyika pale, Wajaluo, Wakuria, hata waliovuka mpaka kutoka Tanzania, na hiyo ndiyo lugha tuliyokutania. Nikamtunga Adongo.

Adongo alikuwa dereva wa lori. Enzi hizo hakuna kati yetu aliyewahi kumwona mwanamke nyuma ya usukani wa lori, kwa hiyo hapo tu nilikuwa nimeshawakamata. Alibeba samaki kutoka Homa Bay kupeleka Migori mjini, na mjini humo kulikuwa na mambo. Viumbe wasio na kivuli walikuwa wakiishi katikati ya watu, wakikodi vyumba, wakinunua sukari dukani kama wewe na mimi. Wabaya wao walikula sauti za watu. Unaamka asubuhi huna hata ya kuitikia hodi. Adongo peke yake ndiye aliyewatambua, na aliwatimua kwa spana kubwa ya kufungulia magurudumu.

Jioni moja akampata mmoja wao kando ya barabara anaomba lifti. Kijana mtulivu, ngozi inametameta. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye dhahabu, aliyekaa chini ya mashimo yote ya Osiri tangu zamani. Akapanda lori. Mwanangu, nilipofika hapo nyundo zote zilibaki hewani.

Mapenzi yakaanza, na sikuyapunguza hata kidogo. Kijana alimwambia, "Shuka tukae wote chini, nikufanye malkia." Adongo akamjibu, "Na lori nimwachie nani?" Kila siku niliwakatia pahali patamu. Mama mmoja Mkuria, Boke, alikuwa akifika mapema kuliko wote ili asipitwe na neno. Hata mama mkwe wangu alikuwepo, akiosha unga wa mawe kando kidogo, ametupa mgongo. Nilidhani hasikii. Yule mama nilimwogopa kuliko shimo lenyewe.

Halafu dhahabu ikapotea. Wanaume walichimba wakatoa mawe matupu, wakachimba tena, matupu. Hakuna aliyesema labda mwamba ule umekwisha. Ilitakiwa sababu yenye miguu miwili. Mkuu wa shimo alipopata habari za Adongo, akaitisha mkutano palepale juu ya mawe, chini ya jua hilo nililokuambia.

"Bibi ya Ochieng'," akasema, "wewe ndio unatuharibia. Unasimulia mchana, unamsimulia mwenye dhahabu, tena unampatia mpenzi! Amekasirika, ameenda. Sema hapa mbele ya watu kwamba ulidanganya, uombe msamaha, na hiyo stori isisikike tena. Ukikataa, hupewi mawe. Si hapa, si kwa shimo lingine."

Unaelewa maana yake? Bila mawe sikuwa na kazi. Na mke aliyetajwa mbele ya watu kuwa ana mkosi, angekaa vipi kwenye boma la wenyewe? Nikamtafuta Ochieng' kwa macho. Ochieng' alikuwa akitazama viatu vyake. Nilikuja kumsamehe, lakini si siku hiyo.

Watu wote wakageuka kumtazama mama mkwe, maana yeye ndiye angenipigisha magoti. Akainuka taratibu, akajifuta mikono kwenye leso, akaja mpaka mbele yangu.

"Adongo alishuka ama hakushuka?" akaniuliza.

Nikadhani jua limenipiga kichwani.

"Si nimekuuliza? Tangu juzi umetuacha na huyo kijana amefungua mlango ya lori pale shimoni. Alishuka na yeye, ama?" Kabla sijajibu akamgeukia mkuu wa shimo. "Sisi siwindhe hatukutoka hadithi ikiwa katikati. Nyinyi mnahukumu kitu hamjasikia mwisho wake? Kaeni chini. Acha amalize."

Wallahi walikaa! Wanaume wazima, vumbi mpaka kwenye kope, wakakaa chini.

Nikaanza. Nilianza nimeinamisha kichwa, jasho linaniingia machoni. Nikasimulia jinsi wazee wa chini walivyotoka shimoni wakamzunguka Adongo: ashuke na mpenzi wake au wamsahaulishe barabara zote asijue tena kuendesha. Adongo akazima injini, akachomoa ufunguo, akautia kifuani. Akasema, "Sishuki. Na huyu simwachi. Kama ananipenda, apande yeye." Kijana akatazama shimo lake, akatazama lori. Akapanda. Njiani kule kumeta kukamtoka. Akapata kivuli. Akapata njaa. Wakasimama Rangwe, akala ugali na samaki kwa mara ya kwanza maishani, akaungua ulimi, akacheka mwenyewe.

Mchimbaji mmoja huko nyuma akauliza kwa sauti ndogo, "Na sasa huyo jamaa anafanya kazi gani?"

"Utingo," nikamjibu. "Utingo wa Adongo."

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakashika mbavu. Mkuu wa shimo peke yake hakucheka. Akasema bado neno lake ni lile, mawe sipewi. Hapo Boke akaweka nyundo yake chini. Mwingine naye akaweka. Kisha wote, mmoja mmoja, wakakaa wamekunja mikono. Yule bwana akatazama rundo la mawe, akatutazama sisi, akajua kwamba bila mikono yetu rundo hilo ni kokoto tu. Akatema mate, akaondoka zake. Kesho yake nilipewa mawe yangu. Dhahabu nayo ilionekana tena baadaye kwenye shimo la jirani, na hakuna aliyekuja kunipa pole.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilitaka kumshukuru mama mkwe. Weee! Alinikemea barabara nzima.

"Usinishukuru, nimekukasirikia! Kwa nini ulianza ukiangalia chini? Huyo msichana wako anakataa kushuka shimoni mbele ya wazee wa kutisha, na wewe unamsimulia umeinama! Siku nyingine ukisimama kusema kitu chako, uso juu. Ama usikiseme kabisa."

Nililia kidogo, kwa aibu na kwa furaha, sikujua ipi ni ipi. Nimesifiwa mengi tangu siku hiyo, mwanangu, lakini karipio lile ndilo ninaloishi nalo.

Sasa tuje kwako. Kitabu chako nimekisoma, na miwani yangu hii iliyofungwa uzi. Nimemsoma msichana wako wa bodaboda anayepita mitaa ya Migori akiwawinda walao vivuli. Nimemsoma na yule kijana wake anayetoka ziwani, shati linachuruzika maji, anayeogopa kumshika kiuno kwenye pikipiki. Nilisoma mpaka uji ukaungua. Watu wanasema unaita mapepo. Mimi naenda kanisani tangu wengine wao hawajazaliwa, nasali asubuhi na jioni, na Mungu hajawahi kunilalamikia habari za Adongo. Sijasikia jini wa kitabuni aliyempiga mke wake. Wa kuogopwa ni wengine, na hao wana vivuli kamili.

Na huyo shangazi, hebu niambie, amejuaje mapenzi yao yalikofika? Mtu hafiki huko bila kuzipitia sura zote.

Ila nina neno moja na wewe, na hapa usininunie. Hiyo sura ya mwisho ndiyo iliyonikera. Msichana wako anapiga magoti mbele ya wazee wa ziwani, anaomba msamaha kwa kumpenda mtu wao. Uliiandika baada ya shangazi kupiga simu, sivyo? Nilijua. Ilinuka woga nikiwa bado kwenye mistari ya kwanza. Hiyo ndiyo ya kufuta. Ifute hiyo moja tu, uiandike upya akiwa amesimama. Nyingine zote usiguse hata nukta.

Na kijana wako wa Mbita, mweleze wazi, kwa upole, kwamba ukiolewa utaolewa pamoja na kalamu yako. Muulize atapanda au hapandi. Akipanda, mapokezi yake nitayapika mwenyewe. Akibaki anatazama viatu vyake, mpe muda kidogo, babu yako alihitaji muda. Lakini usimngoje mpaka uzeeke, na usishuke kumfuata. Mapenzi yanayokutaka kwanza unyamaze hayana haja nawe, yanataka chombo cha kuwekea kimya. Usitubu kwa kosa ambalo si kosa. Ukikosea kweli, tubu haraka. Usipokosea, simama.

Mungu aliyekupa sauti hiyo aitunze isikauke. Akupe wasomaji wanaoacha uji uungue. Akupe mume mwenye kivuli na moyo, na wakwe wanaouliza mwisho wa hadithi kabla ya kuikata. Na siku utakapokuwa bibi mfupi kwenye kigoda, aje msichana akuulize kama afute, nawe usimame upande wake.

Haya, nasikia pikipiki inazima pale nje. Huyo ni shangazi. Usiizime simu, na usiende jikoni kujificha. Nitampa kiti kizuri, nitampa chai ya maziwa, kisha nitamwambia kwamba nyumba hii haimhukumu mtu hadithi ikiwa katikati. Jua bado liko juu, na mimi kurefuka nilishakata tamaa. Sura mpya andika kwa mdomo, hapahapa, mbele yetu sisi wawili. Anza, mwanangu. Uso juu.