Tone la Damu Kutoka Darini

Marehemu alikuwa amefariki tangu jana yake jioni. Damu yake ilikuwa imeganda zuliani kama lami.

Sasa niambieni, tone bichi lililodondoka kwenye glavu yangu lilitoka wapi?

Nawasimulia, ila kama unakula, sogeza sahani kwanza.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza katika kitengo cha uchunguzi wa matukio ya uhalifu. Kazi niliyoililia kweli kweli. Nilisoma kemia, nikaongeza sheria ya ushahidi jioni, na bado usaili ukanitupa nje mara mbili.

Nyumbani nilikuwa nalowesha sponji kwenye maji ya rangi nyekundu, naitwanga kwa nyundo uani, kisha napima jinsi matone yalivyoruka ukutani.

Mama akawaambia majirani, "Huyu mtoto amesoma mpaka akili zimehama."

Mara ya tatu wakanichukua, kwa majaribio. Wakanikabidhi kwa mama mmoja mkali wa kazi, tuliyemwita Darubini.

"Ukitaka kutapika, tapikia nje," aliniambia garini. "Usiniharibie ushahidi."

Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Jamaa alishtakiwa kumpiga mfanyakazi wake mpaka akafa, na hukumu ilikuwa inakaribia.

Mkewe tulimkuta kibarazani, sauti imemkauka kwa kilio. Alisema alilala kwa dada yake, akarudi asubuhi akakuta mume amepondwapondwa.

"Ni ndugu wa yule kijana! Wamelipiza kisasi!"

Ikaingia akilini. Askari walikuwa wameshamkamata kaka wa yule mfanyakazi, na kipigo alichokuwa anakula huko kituoni, we acha tu.

Tukaingia ndani.

Uso haukuwa uso tena. Taya limehama, meno yametawanyika hadi chini ya kochi. Shati la mume. Pete ya mume. Damu imeruka kuta zote nne.

Nikapiga magoti nipige picha.

Tap.

"Mama," nikanong'ona, "damu ya jana inaweza kudondoka leo?"

Darubini akaangalia glavu yangu. Akaangalia juu. Kwenye dari kulikuwa na doa jekundu, linapanuka taratibu.

"Toka nje. Usikimbie. Waite aska..."

Hakumaliza. Dari ikapasuka.

Jitu likashuka na mbao na vumbi, nyundo mkononi. Pigo la kwanza likatua begani kwa Darubini, nikausikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Akaangukia juu ya maiti. Jamaa akainua nyundo tena, safari hii akilenga kichwa.

Nikamchapa usoni na stendi ya kamera.

Pua ikapasuka, nyundo ikamtoka. Akanirukia, akaniangusha, akanikaba koo kwa mikono miwili. Macho yakaanza kuingia giza. Nikawa napapasa tu kama kipofu, mpaka vidole vikagusa shati lililolowa ubavuni.

Jeraha.

Nikazamisha kidole gumba humo. Chote.

Aliunguruma kama ng'ombe machinjioni. Mikono ikalegea, askari wakaingia mbio, wakamlaza kifudifudi, pingu zikalia.

Nikabaki nimekaa sakafuni, nahema. Macho yangu yakaenda kwenye picha ya harusi ukutani. Nikamtazama yule mtu mwenye pingu. Nikarudi kwenye picha.

Bwana harusi.

Mke naye alikuwa ameshafika mlangoni. Nikajua sasa atazirai, mume kafufuka!

Wapi. Alikunja uso kwa hasira.

"Si nilikwambia usitingishike?"

Askari wote wakamgeukia. Hata Darubini aliacha kugumia.

Ukweli ukatoka kipande kwa kipande. Mume alitaka kukwepa kifungo kwa kujifanya amekufa. Wakamwita fundi rangi mwenye umbo kama lake, eti aje kupaka sebule. Akaja. Akapigwa nyundo, akavishwa nguo na pete.

Lakini fundi hakufa kikondoo. Alimchoma jamaa ubavuni kwa kisu chake cha kukwangulia. Damu ikamtoka mpaka nguvu zikamwisha, akashindwa kutoroka. Mke aliporudi asubuhi ili "agundue" maiti, akamkuta mume bado yupo na majirani wanagonga geti. Akamsukumia darini, ndipo akapiga yowe.

Kaka wa yule mfanyakazi akaachiwa siku hiyo hiyo, jicho moja halifunguki.

Alama za vidole zikatupeleka kwa mama wa fundi. Alipokuja chumba cha maiti, Darubini akiwa bado hospitalini, zamu ya kumpokea ikawa yangu.

Uso wa kumwonyesha haukuwepo. Nikafunua mkono.

Akaushika. Akazisugua zile kucha zenye rangi nyeupe kwa kidole chake.

"Huwa namwambia ajisugue na mafuta ya taa," akasema. "Hasikii huyu."

Nililia kuliko yeye.

Mnaoniuliza inboksi mtu anaingiaje kwenye kazi hii: someni sayansi, jifunzeni kusimama mahakamani bila kutetemeka. Lakini kabla hujamtafuta muuaji, hakikisha unamjua aliyeuawa.

Maana asubuhi ile mtaa mzima ulikuwa unamlilia muuaji. Na mtoto wa mama yule alikuwa amelala pale pale, katikati yetu, bila hata mmoja wa kumlilia.