Niliandaa harusi ya kimya Dodoma, nikamzuia mtani wangu asije

Wakuu, salaam. Ninayoyasema hapa niliyaona kwa macho yangu. Atakayeona nimetia chumvi aje dukani kwangu, nyuma ya stesheni, nimwonyeshe mkeka wenyewe.

Mimi nauza nguo hapa Dodoma. Bafta, marekani, kaniki, leso za kichwa. Wanaonijua wanajua tabia yangu: kitu nakihesabu mara mbili, na bei ya kwanza siijibu, naicheka tu kidogo halafu natazama pembeni.

Sasa basi. Baada ya reli kuingia mjini, watu wakapata ujira wa Mdachi, na harusi zikaharibika.

Sisemi kwa wivu. Mimi ndiye niliyekuwa nawauzia nguo. Bwana harusi anavaa rangi nne kwa mpigo, juu yake koti la mzungu aliyehama, mwavuli mkononi, na mvua yetu ya Ugogo mnaijua ilivyo adimu. Ngoma usiku kucha. Asubuhi bibi harusi hana sauti, bwana harusi hana viatu.

Nikajiapiza: yangu haitakuwa hivyo.

Nilishawahi kuona harusi moja Bagamoyo, nilipopeleka mzigo. Nyumba ya watu watulivu. Nyeupe tupu. Chetezo kimoja cha udi, kahawa, halua, mwalimu anasoma, watu wanaitikia kwa sauti ya chini, basi. Hakuna aliyepandisha sauti hata kuomba maji. Nikasema hii ndiyo harusi ambayo hata wajukuu wakisimuliwa hawataona aibu.

Nikapata mchumba, Zainabu, binti wa Mzee Salimu muuza chumvi. Hawa ni watu wa mjini wa zamani, walitoka Mpwapwa enzi za misafara. Wameoleana, wamezikana, ukimgusa mmoja wanaguna kumi.

Mimi kwangu hakuna wa kuguna.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo penye uzi wenyewe. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi. Alifia njiani, katika pori la Marenga Mkali, tukielekea pwani. Mimi nilikuwa mdogo wa kubebwa. Mama sikumwahi. Msafara ukaniacha Mpwapwa kwa mfanyabiashara mmoja, nikakulia kwake nikifagia duka. Naye akafa bila mtoto.

Kwa hiyo nyumbani kwangu ni mimi, marobota ya nguo, na mizani.

Mtu mmoja tu mjini hapa alimjua baba. Anaitwa Kondo, Mzaramo, alibeba mzigo naye msafara ule ule. Reli ilipokuja akaja nayo, anachimba na kushindilia tuta. Hata jina la baba, Kasanda, nililipata kwake. Mfanyabiashara wa Mpwapwa alikuwa ameshalisahau.

Na Kondo ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Wenyeji wa njia ya msafara mnajua maana yake. Ni watani. Kwa umri ningepaswa kumwamkia shikamoo kila asubuhi, lakini utani haujui umri. Akifika dukani ananitukana kuanzia mlangoni.

"We hamali! Umevaa vizuri, lakini shingo bado imekaa kama inangoja pembe ya ndovu!"

Nami namjibu: "Pita taratibu Mzaramo, usije ukachoka kabla hujafanya kazi."

Anachukua kitambaa anachotaka, anajifunga kichwani, anaondoka. Kesho anakirudisha kichafu. Nilikuwa namlalamikia kila mtu. Leo ndiyo najua yalikuwa maongezi pekee niliyokuwa nayo kwa siku nzima ambayo hayakuhusu bei.

Turudi kwenye harusi.

Nilipanga kila kitu mwenyewe. Kanzu ya bafta nzuri, haina tarizi hata shingoni. Fundi Mhindi akaniuliza mara mbili kama nimefiwa. Bibi harusi leso nyeupe na shela jepesi, hakuna cha kung'aa zaidi ya hina yake. Uani, mikeka miwili mipya myeupe, iliyosukwa bila rangi: mmoja upande wa bibi harusi, mmoja upande wa bwana harusi, inatazamana. Vikombe vya kahawa vya aina moja, nikavihesabu, nikavirudia.

Zainabu alinitumia ujumbe kwa shangazi yake, Bi Tatu. Huyu shangazi ndiye ulimi wa ukoo.

"Mwenzio anauliza," akasema, "hata kigoma kimoja?"

"Hata kimoja, shangazi."

"Vigelegele?"

"Viwe vya chini."

Akanitazama. "Kigelegele cha chini ndiyo kikoje, mwanangu? Nipigie nisikie."

Sikumpigia.

Likabaki tatizo moja. Kondo. Kila mwenye mtani anajua siku ya harusi atafanya nini. Atakuja na masizi usoni, atamvua bwana harusi kofia, atalala katikati ya njia na hatainuka mpaka akombolewe kwa kitu. Ndiyo haki yake na hakuna wa kumfukuza. Nikiwaza masizi yale na mikeka yangu, usingizi unaruka.

Nikamfuata kambini, pembeni ya tuta la reli. Nikamwambia kwa upole kabisa, bila tusi hata moja.

"Kondo, naoa Ijumaa. Nataka shughuli tulivu. Nakuomba usije."

Alikuwa anakula. Akanawa mkono, akaufuta taratibu.

"Vema, bwana," akasema. "Mungu awape kheri."

Wakuu, hakuwahi kuniita bwana. Hapo hapo ningepaswa kushtuka. Lakini mimi nilitembea kurudi dukani najipongeza kwamba nimeshinda bila hata kupandisha bei.

Ijumaa ikafika. Uani kwa Mzee Salimu kulipendeza, nakiri. Kweupe, kumefagiwa, udi unapanda. Mkeka wa bibi harusi ulijaa mpaka watu wamekaa mapajani mwa wenzao: wajomba, baba wadogo, jamaa waliokuja kutoka Mpwapwa kwa treni.

Mkeka wangu nilikaa mimi.

Niliwaalika wateja, wakasema watapita baadaye. Mwenye duka jirani alituma salamu na kikapu. Nikahesabu upande wangu. Nikarudia, kama kawaida yangu. Hakuna aliyeongezeka.

Nikakiweka kile kikapu pembeni yangu, angalau pasionekane patupu sana.

Mwalimu akakohoa, tayari kuanza. Ndipo Bi Tatu akasema, na hakusema kwa sauti ya chini:

"Kaka, ngoja. Hivi huyu si alituambia ni Mnyamwezi?"

"Ndiyo," Mzee Salimu akajibu.

"Mnyamwezi gani anaoa hana Mzaramo hata mmoja wa kumtukana? Mji wote huu Mdachi ameujaza Wazaramo, wanashindilia reli. Wako wapi watani wake? Mnyamwezi akiumwa jino tu wanakuja kumcheka!"

Kimya. Kile kimya nilichokilipia.

Mjomba mmoja akadakia: "Njia hii imepitisha watu wengi. Kila mtu anaweza kujipa kabila na baba."

Mzee Salimu hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kwa heshima, na ndiyo ilivyouma.

"Mwanangu, wakati wa posa ulisema baba yako ni Kasanda, alizikwa njiani. Nilikuamini. Lakini binti nampa mtu anayejulikana na watu. Nani hapa anakujua?"

Mimi mwenyewe simjui baba yangu. Ninachokijua nimeambiwa na Kondo, na Kondo nimemwambia asije.

"Yupo mtu," nikasema. "Nipeni muda."

"Tunakusubiri mpaka Alasiri," akasema Mzee. "Ikipita, tutaongea siku nyingine."

Wote tulijua hiyo siku nyingine haipo. Nyuma ya pazia nilisikia bangili zikigongana, kisha zikatulia.

Nikatoka na kanzu yangu nyeupe kwenye jua la Dodoma, upepo unanitwanga vumbi jekundu. Watu wananitazama: bwana harusi anakimbia, tena anaelekea reli.

Nilimkuta Kondo amekaa nje ya kibanda. Siku ya kazi, naye hakwenda kazini. Amenyoa. Kando yake pametengwa kipande cha gunia na mkaa uliosagwa kwenye kifuu. Kumbe masizi aliyaandaa, halafu akabaki anayatazama tu.

Aliponiona akainuka, akafuta kigoda.

"Karibu, bwana. Keti."

Mtani anakufutia kigoda! Bora angenipiga.

"Kondo, nisamehe. Njoo. Wananikataa."

"Uliniambia nisije, bwana. Mimi mtu mzima, nimesikia."

Nikambembeleza. Nikataja kitambaa bora cha dukani, nikaongeza kingine. Yeye anaitikia tu, "Ahsante, bwana, Mungu akuzidishie." Maisha yangu yote nimepatana bei na watu, sikuwahi kukutana na mlango uliofungwa kwa adabu namna ile.

Jua limeshapinda. Hasira zikanipanda, sijui kwake au kwangu.

"Basi kaa, Mzaramo mvivu we! Umetumwa kushindilia reli, umeshindilia matako! Baba yangu alikubebea mzigo wako njia nzima, na leo hata kusimama huwezi!"

Nikadhani nimemaliza kila kitu.

Halafu akafinya jicho moja.

"Hiyo kanzu," akasema, "umemvua maiti gani?"

Wakuu, nilitamani kulia. Akajipaka mkaa, akajifunga gunia, tukarudi mjini yeye mbele ananitangaza njia nzima: tokeni mwone, pagazi amekosea mzigo, anataka kubeba mke!

Kufika uani hakumwamkia mtu. Alipita katikati ya watu waliovaa nyeupe kama mbuzi aliyeona shamba, akautazama mkeka wangu, akairusha kofia yangu kwenye kikapu cha jirani, na akalala. Chali. Mikono ameitanua, miguu ameitanua, na matope ya tuta, na mkaa. Akauchukua mkeka mzima, mimi nikabaki nimekaa ukingoni.

"Haya," akasema, akitazama mbingu. "Upande wa bwana harusi umejaa. Nani aliyesema hauna watu?"

Vicheko vikapasuka. Mzee Salimu akajikaza.

"Baba, unamjua kijana huyu?"

"Huyu? Namjua kabla hajajua kujipangusa pua. Baba yake Kasanda alikuwa mchoyo kama yeye. Amekufa Marenga Mkali, hakuna maji hata ya kumlilia. Wenzake wakachimba kaburi. Nikaingia mimi, nikalala humo kama hivi, nikasema hatoki mtu hapa wala haingii, mpaka mnikomboe. Ndiyo kazi ya mtani. Hawakuwa na kitu, njaa tupu. Wakanipa ushanga wa marehemu. Nikainuka, akalala yeye."

Akaingiza mkono shingoni, chini ya gunia, akatoa ushanga mmoja wa bluu kwenye uzi mchafu, akauinua juu bila kuinuka.

"Nimeuvaa mpaka leo. Yule mtoto alikuwa analia mgongoni mwa mtu. Nikamfinya, ili alie kwa sababu."



Sikuwahi kuambiwa habari ya ushanga. Dukani kwangu aliingia mara ngapi, ananichafulia vitambaa, na ushanga wa baba uko shingoni.

Bi Tatu ndiye wa kwanza kupata sauti. "Sawa, tumekujua. Sasa inuka mwalimu asome."

"Siinuki mpaka watu wa bwana harusi wanikomboe."

"Hana watu!"

"Basi nalala hapa mpaka mjukuu azaliwe."

Bi Tatu akageuka kushoto, akageuka kulia. Akashusha pumzi, akavua leso yake ya begani, akavuka uwanja mbele ya ukoo wake wote, akamtupia Kondo usoni.

"Haya! Mimi ni upande wa bwana harusi leo. Chukua, mpiga kelele we!"

Akakaa ukingoni upande wangu, akisukuma mguu wa Kondo kwa kiwiko. Na kile kigelegele alichokipiga hakikuwa cha chini.

Kondo alipokea leso na bado hakuinuka. Mwalimu akachoka, akafungisha ndoa huku mtani amelala kati yetu ananong'ona matusi kila mwalimu anapovuta pumzi.

Hiyo ndiyo harusi yangu ya kimya.

Zainabu yupo, hajambo. Lakini wiki chache baadaye tuta likasogea magharibi, na kambi ikahama nalo. Kondo alipita dukani asubuhi moja, akachukua kitambaa kama kawaida yake. Nikangoja akirudishe kesho kichafu. Sasa treni inafika Tabora, inaendelea mbele, na kitambaa hakijarudi.

Juzi Mzaramo kijana aliingia kununua marekani. Nikamrushia tusi dogo, la kumwonjesha. Akashtuka, akavua kofia.

"Shikamoo mzee."

Nikamwitikia marahaba. Nikampimia nguo yake. Akaondoka zake.

Nilichojifunza, wakuu: ukipanga shughuli, punguza rangi, punguza ngoma, punguza hata chakula. Ila kabla ya kupunguza watu, kwanza angalia unao wangapi.

Walioko huko mbele ya reli, tupieni neno hapa chini. Mkimwona mzee mmoja Mzaramo mwenye ushanga wa bluu shingoni, nawaomba msimsalimie kwa adabu. Mtukaneni vizuri, halafu mwambieni mkeka wake sijaufua.